Hodi ya Fagio la Haraka

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti ya kufagia. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mle ndani hakuna aliyeshika fagio. Vidole, binti aliyepachikwa jina hilo kwa kasi yake ya kupiga chapa, aliacha barua ya mteja katikati akasikiliza. Fya, fya, fya. Ilitoka ndani ya kompyuta.

"Vumbi kwenye feni," alijiambia. Na kweli palikuwa na harufu ya vumbi lililoungua. Lakini feni huzunguka, haifagii, na moyoni alilijua hilo.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi yake. Katika cha nyuma alilala baba yake, mzee aliyekuwa dalali wa mnada, mtu wa kuuza kabati bovu kwa maneno matamu hadi mnunuzi akashukuru. Halafu maradhi ya koo yakamshika. Madaktari walimwachia kitundu shingoni na daftari la kuandikia, sauti wakaondoka nayo. Akihitaji kitu, aligonga kikombe cha bati kwa kijiko: mara mbili, chai, mara tatu, njoo.

Wiki moja kabla ya upasuaji, Vidole alikuwa amemkalisha mbele ya kompyuta akamrekodi. Faili kumi na mbili: mzee akinadi, mzee akicheka, mzee akimwita bintiye "mama" kama alivyomwita tangu mchanga. Hakuzinakili popote pengine. Kila siku alisema kesho.

Kosa lilifanyika jana yake. Kompyuta ilikuwa nzito, mteja amesimama mlangoni anaangalia saa, mara likafunguka dirisha jekundu: *Kompyuta yako ina uchafu 1,413. Mimi ni Fagio la Haraka. Hodi?* Chini yake vitufe viwili, KARIBU na HAPANA.

Sasa, Vidole alilelewa vizuri, na hapo ndipo alipoponzeka. Nyumbani kwao hodi haikuachwa ikining'inia mlangoni. Hata aliyekuudhi ulimwitikia kwanza, mkagombana akiwa ameshakaa. Kidole kilibonyeza KARIBU kabla kichwa hakijauliza mgeni ni nani.

Na huyu mgeni hakungoja siku ya tatu apewe jembe. Alikuja na fagio lake.

Na leo, katikati ya ile fya, fya, dirisha lilijirudisha lenyewe. Uchafu sasa ulikuwa 2,906. Vidole alibonyeza HAPANA, ukawa 3,000. Akabonyeza alama ya kufunga pale pembeni. Ukapanda tena, na orodha ikaanza kuteremka: barua za zamani, picha zinazofanana, nywele tatu kwenye mto wa kitanda cha nyuma. Alisoma mstari huo mara mbili. Kisha ukaja mwingine: *Sauti za mzee, faili 12. Hazitumiki.*

Fya. Zikawa kumi na moja.

"Hapana, hapana, hizo acha!" alinong'ona, kama anayembembeleza mtu.

Alikimbilia chumba cha nyuma, maana ghafla nyumba ilikuwa imetulia mno. Alimkuta baba yake amekaa kitandani anakohoa, mabega yakiruka, kifua kikipanda na kushuka, na kikohozi chenyewe hakikuwa na mlio wowote, hata ule mkwaruzo wa pumzi aliouzoea. Mzee akachukua kijiko akagonga kikombe cha bati mara tatu, akagonga tena, na kijiko kilikutana na bati kimya kabisa, huku kule mbele fya, fya ikiendelea taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kazi yake na anayeijua nyumba nzima.

Mzee aliandika: *Mbona sijisikii?*

Shangazi, dada yake mzee, alitokea jikoni akipangusa mikono. Alitazama kijiko, akatazama kikombe.

"Mwanangu, umemkaribisha nani humu?"

"Shangazi, ilikuwa programu tu. Ilisema itasafisha."

"Wewe nyumba yako inanuka? Kamwite Mama Skrubu, upesi."

Mama Skrubu alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala. Alipofika faili zilikuwa zimebaki nne. Hakuketi. Kwanza alichomoa waya wa intaneti.

"Umebonyeza nini?"

"Karibu. Halafu hapana. Halafu nikafunga."

"Vyote ni mlango mmoja uliopakwa rangi tatu. Dirisha la hivi huligusi popote." Alizima mashine. "Na kompyuta haiombi kufagiwa. Ukiona imejitangaza yenyewe kuwa ni chafu, anayesema si kompyuta."

Aliiwasha tena katika hali ya usalama, ile ambayo mashine huamka na vitu vyake vya lazima tu. Akafungua orodha ya programu, akalikuta Fagio, akaamuru litoke. Hapo spika zikakwaruza, na ikaja sauti nzito, tamu, ya dalali.

"Mama. Hodi."

Vidole alishika ukingo wa meza. Miezi minne hakuisikia sauti ile.

"Hodi, mama. Mbona umenifungia? Nina kiu. Niitikie basi."

"Usiitikie," Mama Skrubu alisema chini chini, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni. "Lina ndugu watatu, mmoja kwenye kivinjari, mmoja anaamka na mashine, mmoja amewekewa saa. Nang'oa wote. Ukilitamka lile neno la kukaribisha, narudi mwanzo, na sijui kama mwanzo utakuwepo."

"Hodi, mama, hodi, mimi baba yako, mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na homa, unaniacha mlangoni kama mbwa?"

Vidole alikuwa akilia waziwazi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo mkono wenye mishipa ukapita mbele ya macho yake na daftari. Mzee alikuwa amejikongoja hadi mbele, kikombe na kijiko mkono wa pili, bila nyayo zake kusikika. Alikuwa ameandika: *Si mimi. Mtu hapigi hodi kwake.*

Vidole aliuma mdomo hadi ukatoa damu. Mama Skrubu alimng'oa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akachomeka kidude chake cha kupambana na virusi, kikapekua mashine kuanzia juu hadi chini. Sauti ilikatika katikati ya hodi. Harufu ya vumbi ikaisha.

Mzee akagonga, na kikombe kikalia. Kli, kli. Chai.

Walicheka wote, kicheko cha watu waliokuwa kaburini. Lakini hata zile faili nne za mwisho zilikuwa zimekwenda na Fagio, zote kumi na mbili.

"Hizo siwezi kuzirudisha," alisema Mama Skrubu, akichomoa na waya wa umeme ili mashine ipoe. "Badilisha nywila zako zote. Cha maana nakili mara mbili. Na lile neno, kwa leo, kaeni nalo mbali." Akaenda zake.

Vidole alikaa sakafuni miguuni pa baba yake, amekata tamaa kabisa. Mzee aliandika: *Sauti ilibaki hospitali. Usinililie mara ya pili.* Haikusaidia.

"Ngojeni!" Shangazi alikuja mbio kutoka jikoni na simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Jamani, mimi mjinga! Si alinitumia ujumbe wa sauti, mwaka jana, siku alipokuwa anakuja kwangu? Sijaufuta. Mimi hata kufuta sijui!"

Akabonyeza. Sauti ilitoka ndogo, ya kweli, na magari ya barabarani nyuma yake. Mzee mwenyewe aliinamisha kichwa kujisikiliza, macho yamejaa.

"Dada! Niko mlangoni kwako hapa. Hodi!"

Furaha ilimpanda Vidole hadi kooni.

"Karibu, baba!" alisema.

Pale mezani, kioo cha mashine isiyo na waya wowote kilijaa wekundu.

Mzee ndiye aliyekiona. Alichukua kijiko akagonga kikombe mara tatu. Akagonga tena, kwa nguvu zake zote, hadi bati likabonyea. Mle ndani hamkusikika kitu ila fya, fya, fya.