Zulia la Ijumaa Kuu

Haya yalimkuta rafiki yangu Hermelinda, mpishi wa Whitlock, mzungu mmoja aliyehamia mji wa Antigua. Mtu mzima hovyo! Hata salamu ya jirani haitikii.

Jioni ya Ijumaa Kuu, majirani walitandaza barabarani zulia la vumbi la mbao la rangi, wakisubiri msafara wa sanamu ya Yesu. Whitlock akalikatiza na viatu vyake, bia mkononi.

“Bwana wee, halikanyagwi kabla Yesu hajapita!” Hermelinda alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake.

“Takataka za seremala hizo!”

Akaingia, akabamiza mlango. Umeme ukakatika. Whitlock akasimama jikoni akilitukana giza. Nyumba nzima walikuwa wao wawili tu, lakini Hermelinda akasikia miguu mitupu ikipita ukumbini, taratibu.

Taa ziliporudi, nyayo ndogo za vumbi jekundu zilielekea chumbani kwa Whitlock.

“Fagia,” akasema, akaingia kulala.

Kabla Whitlock hajaushika mlango kuufunga, komeo likafungwa kwa ndani.