Fyuzi ya Mzee Bisibisi

Wewe ukipanda ngazi, swichi unamwachia nani?

Usijibu haraka. Nimewauliza watu wengi, na wote hunitajia mtu wanayempenda: mume, ndugu, rafiki wa tangu shule. Aliyewahi kunijibu kwamba hamwachii mtu, anaondoka nayo, ni mzee mmoja tu. Na ndiye aliyekufa.

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, mchana, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Nitangulize kusema kwamba nilisoma fizikia chuo kikuu miaka mitatu, na sina subira na watu wanaoona jini kila balbu inapoungua. Kwa hiyo maana yake sitakueleza. Nitakueleza nilichokiona.

Dada ni fundi wa taa za jukwaani. Ukumbi anaofanyia kazi hauna dirisha hata moja. Humo ndani saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku ni mamoja. Alhamisi hiyo aliniomba nimsaidie kazi ambayo hata gunia la mkaa lingeiweza: kusimama. Igizo lilikuwa linaanza kesho yake, waigizaji hawajafika, na huwezi kuielekeza taa mahali pasipo na mwili wa kumulikwa. Aliniambia nije na blauzi nyeupe, maneno niyaache nyumbani. Blauzi nilikuja nayo.

Taa zenyewe zilikuwa nne, zile anazoziita taa za shingo, kwa sababu kichwa kinageuka, kinainama na kuinuka kama cha mama mkwe aliyekuja kukagua nyumba. Zinaongozwa na kontrola ya kawaida kabisa, haizidi sinia la chai. Kushoto kuna vitufe vya kuchagua taa, katikati vishikio vya kupandisha na kushusha. Unachagua taa, unasukuma kishikio kimoja inageuka, kingine inainama, kingine inabadili rangi. Ikikaa unavyotaka unaihifadhi, na huo unakuwa mkao wa kwanza. Kisha wa pili, wa tatu, mpaka igizo zima liwe ndani ya mashine.

Sharti lake ni kila taa iwe na anwani yake. Ya kwanza 1, ya pili 17, ya tatu 33, ya nne 49. Ukizipa mbili anwani moja, zinafanya yale yale kama mapacha walioshonewa sare. Na anwani haiwekwi kwenye kontrola. Inawekwa huko huko juu, mgongoni mwa taa, kwa swichi kumi ndogo zilizopangana kama meno ya mtoto. Tofauti ya 33 na 49 ni jino moja tu, la tano.

Jino hilo ndilo lililompandisha ngazi Mzee Bisibisi, miezi mitano kabla ya Alhamisi yangu.

Mzee Bisibisi alikuwa fundi wa ukumbi ule, na dada alijifunza kazi mikononi mwake. Sheria yake ilikuwa moja: anayepanda ndiye mwenye fyuzi. Nyuma ya pazia kuna kisanduku chenye fyuzi nene kama kidole gumba, inayolisha taa zote zilizoning'inizwa kwenye bomba la juu na, kwa uvivu wa aliyevuta nyaya, meza ya sauti pia. Ukitaka kupanda unaichomoa, unaitia mfukoni, unapanda nayo. Ya kwake aliizungushia utepe wa manjano na kuandika kwa wino mzito: NIKO JUU.

Alianguka. Alikutwa sakafuni, upande wa kushoto wa jukwaa, fyuzi mfukoni, shati linanuka pombe. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa, ila harufu haina wakili wa kuipinga. Fyuzi anayo mwenyewe, umeme haupo, basi taa haina kosa. Mzee alilewa akapepesuka. Ikaandikwa hivyo, na mjane wake akawa anaisikia kila anapokwenda dukani. Aliomba jambo moja tu, kwamba mumewe azikwe na fyuzi yake. Dada ndiye aliyeitia mfukoni mwa maiti, kwa mkono wake.

Aliyemkuta mzee alikuwa shemeji yangu, Baba Pacha, mume wa dada na fundi wa sauti wa ukumbi huo huo. Alieleza kwamba alikuwa ametoka kununua maji ya kunywa, akarudi akakuta makubwa. Mwanzo alisema mzee alikuwa mlevi wa siri. Hadithi hiyo ilipochuja akaanza kusema mzee alirogwa na mtu aliyeitaka kazi yake, na kwamba taa ya nne iteremshwe ikatupwe. Mimi mtu akihama kutoka pombe hadi uchawi ndani ya wiki mbili, simtazami mdomo. Namtazama mikono. Lakini ni shemeji, baba wa watoto wawili wanaoniita mama mdogo, nikanyamaza kama wenzangu.

Taa ya nne haikuguswa tena. Igizo hili lilikuwa la kwanza kuihitaji.

"Shem, umesimama kama mti wa kutundikia makoti," Baba Pacha alinirushia kutoka mezani kwake, mwisho wa ukumbi.

Nikamjibu kwamba heri mimi ninayesimama, yeye tangu nimjue amekaa. Dada alicheka, akasukuma kishikio, tukaendelea.

Mkao wa kwanza ulikwenda vizuri. Taa ya nne, ikiwa bado na anwani ya 33, ilimfuata mwenzake wa tatu kila alikokwenda. Dada akasema tumalize mikao mitatu hivi hivi, kisha atapanda alirekebishe lile jino.

Mkao wa pili, ya tatu ilinijia kifuani. Ya nne haikuja.

Ilikuwa inainama. Polepole, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Ikatua upande wa kushoto wa jukwaa, kwenye mbao tupu. Hapo ndipo nilipoona kwamba mbao zile zilikuwa nyeupe kuliko nyingine. Zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga.

Dada alifuta mkao, akauhifadhi upya. Ikarudi pale pale. Akabonyeza kitufe cha kuzima zote. Tatu zikazimika, ya nne ikabaki inawaka. Akaninong'oneza nichomoe waya unaotoka kwenye kontrola. Nilichomoa. Nikauinua juu auone mkononi mwangu.

Ya nne ikainua kichwa.

Ilipita juu ya viti, safu kwa safu, bila haraka, kama mtu anayesoma namba za viti akitafuta mahali pake. Ikafika mwisho wa ukumbi. Ikasimama juu ya Baba Pacha, kikombe kikiwa nusu ya njia kwenda mdomoni.

Alicheka. Akasogeza kiti kulia. Mduara ukasogea kulia. Akasogea kushoto. Hakucheka tena.

"Inanimulika mimi kwa nini?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

Dada alisema atapanda. Mumewe akaja mbio mpaka chini ya jukwaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona akitumia miguu. Alisema taa tatu zinatosha. Alisema ana mtu wake mwenye uwezo, aje kwanza asafishe ukumbi. Alisema Mama Pacha, fikiria watoto. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza mapacha wakieleza nani aliyevunja sahani.

"Ni jino moja tu, mume wangu," alisema.

Akaenda nyuma ya pazia, akachomoa fyuzi. Giza likatufunika. Akawasha tochi ya kichwani. Nilisikia zipu ya mfuko wake ikifunguka, ikifungika. Baba Pacha alirudi mezani kwake akipapasa viti gizani.

Alipanda. Mimi nilishika ngazi. Kwa muda mrefu nilisikia pumzi zake tu.

"Mdogo wangu," akanong'ona. "Kuna nywele hapa."

"Nywele gani?"

"Nyeupe. Zimebanwa kwenye shingo ya taa."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Taa iliyozimwa haibani nywele. Ili shingo ibane kitu lazima igeuke, na taa hizi zinapopata umeme, jambo la kwanza ni kujinyoosha: zinazungusha shingo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa nguvu zote, kabla hazijamtii mtu. Aliyenifundisha hayo ni dada. Aliyemfundisha dada ni mwenye nywele.

Nilimwambia ashuke. Akasema amalizie jino.

Nikasikia mlio mdogo. Kama ukucha ukikatwa.

Kisha feni ikaanza.

Ile feni ndogo iliyo ndani ya taa, ya kuipoza. Niligeuka kutazama nyuma ya pazia lililoachwa wazi, kwa mwanga uliovuja kutoka tochi ya dada. Kisanduku kilikuwa wazi, na mahali pa fyuzi palikuwa patupu, kama pengo. Feni ikashika kasi. Shingo ikaanza kugeuka. Si kwa nguvu. Polepole. Ikapita mgongoni mwa dada. Ikafika begani. Ikafika shavuni. Ikasimama.

Dada aliondoa mkono kwenye swichi.

"Shikamoo, Mzee," akanong'ona.

Taa ikawaka. Haikummulika dada usoni. Iliwaka kule mezani, juu ya Baba Pacha, aliyekuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili kama meza ndiyo inayotaka kuondoka. Halafu ikazimika, na feni ikanyamaza.

Dada alishuka hatua moja moja. Alipofika chini alifungua zipu, akatoa fyuzi. Nikadhani amemaliza, lakini mkono ulirudi mfukoni na kukaa humo. Alipoutoa, alikuwa na fyuzi ya pili.

Utepe wa manjano. Wino umefifia. Udongo kwenye mikunjo.

NIKO JUU.

Ninayo hadi leo, kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Nimejaribu kuieleza kwa kila nilichosoma na sijaweza, kwa hiyo nimeacha. Mara mbili nimeikuta ina joto.

Dada hakupiga kelele. Alishuka jukwaani na fyuzi zote mbili, akatembea kwa mwanga wa tochi mpaka kwenye meza ya sauti, nami nyuma yake. Alimwuliza mumewe kama siku ile kweli alikwenda kununua maji. Akajibu ndiyo. Akamwuliza, aliporudi, chupa aliiweka wapi. Shemeji yangu aliramba midomo.

Dada akamfungua kiganja, akaweka fyuzi zote mbili, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Shika. Napanda tena."

"Za nini? Si sheria ni..."

"Naijua sheria. Leo nakuachia wewe. Wewe ni mume wangu."

Nilimfuata nikimvuta nguo. Nikamwambia amerukwa na akili, nikamtajia watoto kama alivyotajiwa muda mfupi uliopita. Hakunisikia. Mifuko yake miwili ilikuwa imening'inia nje, mitupu, kama masikio. Akakanyaga hatua ya kwanza. Ya pili. Nikashika ngazi, ningefanya nini?

Hatua ya saba, feni ikaanza.

Baba Pacha alitazama kiganja chake. Niliona, kwa sababu alikuwa amekuja mpaka ukingoni mwa jukwaa na tochi ya dada ilimpitia. Fyuzi zilikuwa humo, mbili. Alizihesabu kwa kidole gumba.

"Mama Pacha, shuka."

Hatua ya nane.

"Nakuomba, shuka."

Shingo ya taa ikashtuka. Mara hii haikwenda polepole. Ilizunguka upande wa mbali, ikagonga mwisho wake, bomba zima likatetemeka. Ikaanza kurudi. Mguu mmoja wa ngazi uliinuka sakafuni. Nikauangukia kwa uzito wangu wote, ukainuka na mimi.

"Kwa nini nishuke?" dada akauliza huko juu, bila kugeuka.

Taa ilikuwa inakuja. Nilisikia upepo wake.

"Kwa sababu nilikuwa na fyuzi ya akiba," shemeji yangu alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, na shingo ikasimama upana wa kiganja kutoka kichwani mwa dada. "Nilichoka kumsubiri, nilitaka kujaribu spika zangu. Nilimwona yuko juu, nikachomeka bila kumwita. Na ile pombe nilimmwagia mimi. Alikuwa bado anapumua."