Muziki wa Harusi ya Mbu

Mimi ni fundi cherehani. Siku hiyo nilikuwa nikitia zipu kwenye sketi ya mteja, lakini macho yangu yalikuwa kwa binti yetu. Alijikunyata mkekani akitetemeka, na nje jua lilikuwa kali.

Hiyo ilikuwa homa ya tatu. Nilikasirika mpaka uzi ukakatika.

Majirani humwita mume wangu Bwana Mitambo. Akiona kitu chenye waya, haambiliki. Kabla ya homa hizo alileta kichombo kinacholia "nziii", akakichomeka ukutani.

"Mbu wakisikia mlio huu, hawasogei," alisema.

Kisha akachukua chandarua chetu, akafunikia vifaranga wake!

Tulikimbilia kituo cha afya. Kipimo kilionyesha malaria, mtoto akapewa dawa. Siku ya pili mhudumu wa afya alikuja kumjulia hali, akakiona kile kichombo.

"Hiki cha nini, baba?"

"Kinafukuza mbu, dada."

"Umedanganywa! Mbu dume ana vipapasio vyenye manyoya kichwani. Mabawa ya jike yakilia, vipapasio hivyo hutetemeka. Ndivyo anavyomsikia, akamfuata waoane. Lakini dume haumi. Anayeuma ni jike, naye hukufuata kwa pumzi yako, joto lako na harufu ya mwili wako. Kelele za hiki hazimzuii."

Nikafoka, "Kumbe umewapigia mbu muziki wa harusi, na karamu ni damu ya mwanangu!"

"Mke wangu, mimi nilidhani..."

"Ulidhani! Vifaranga wamelala chini ya chandarua, mtoto analala wazi! Huna haya?"

Bwana Mitambo aliinamisha kichwa. Sikumwonea huruma hata kidogo.

"Hasira hazizibi matundu, mama," mhudumu akasema. "Kileteni hicho chandarua."

Kilikuja kinanuka kuku. Alituambia tukioshe taratibu kwa sabuni ya kipande na tukianike kivulini, ili dawa yake ya kuua mbu isiharibike. Nilishona matundu kumi na moja, huku nikinung'unika kila tundu. Bwana Mitambo alipigilia misumari minne ya kukitundikia, akajifunza kukichomekea vizuri chini ya godoro.

Mvua zilikuja, zikaisha. Binti yetu hakukosa shule hata siku moja.

Juzi mume wangu aliniuliza kwa upole, "Mke wangu, kile kichombo changu kiko wapi?"

"Kiko bandani. Vifaranga wako hawana chandarua sasa. Kiwafukuzie mbu."