Chupa ya Mkuu Hirowatari

Marehemu alikuwa bado anakunywa. Hilo ndilo lililomfanya Mama Chitose apige simu ofisini kwa marehemu.

Baa ya Mama ina viti saba tu, ghorofa ya nne, mtaa wa starehe wa Nakasu, huko Hakata. Kila mteja wa kudumu ana chupa yake rafuni, jina lake limening'inia shingoni. Wiski ya Mkuu Hirowatari ilikuwa imejaa siku alipofariki. Mwezi mmoja baadaye, imebaki robo.

"Labda ni wewe unayeionja, Mama," alisema Kugimoto, karani aliyetumwa kuichukua.

"Mimi? Wiski ile inayokwangua koo kama msasa? Naliheshimu ini langu. Chukua uende, mkeo anakaribia kujifungua."

Kugimoto akacheka. Kisha, kwa ule ujinga ambao shetani huutafuta kwa tochi, akajimiminia kidogo. "Haya, Mkuu! Miaka sita nimekujazia glasi. Leo zamu yako kuninywesha." Akabugia.

Mama Chitose akaziba mdomo kwa kiganja. "Umekunywa cha kwake," akanong'ona. "Sasa wewe ni mgeni wake."

Ting, ting.

Pete ikigonga glasi tupu. Ndivyo Mkuu alivyokuwa akidai ajaziwe. Harufu ya mafuta yake ya nywele ikatanda, tamu, nzito, kama maua yaliyosahaulika kwenye maji.

Simu ikaita. Alikuwa Natsuho, mkewe, akihema. "Uko wapi? Uchungu umeanza. Njoo, naogopa."

Kugimoto akatoka mbio. Akashuka ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, akisikia kabisa wapiga debe wa vilabu wakiita wateja barabarani, akasukuma mlango wa mtaani, na mbele yake vikasimama viti saba na Mama Chitose mwenye uso mweupe. Akajaribu lifti, nayo ikamshusha ikamshusha hadi masikio yakaziba, ikafungua milango taratibu kwenye viti vile vile, harufu ile ile, na ile ting, ting ikigongwa sasa kwa pupa, kama mtu aliyechoka kusubiri, huku simu ikilia mfukoni ikanyamaza, ikalia ikanyamaza, naye hawezi kumwambia mkewe kwamba amefungiwa na bosi aliyekwisha kuchomwa akawa majivu.

"Mdogo haondoki kabla ya mkubwa," Mama alinong'ona, Kugimoto akijibwaga kitini. "Na Mkuu hawezi kuondoka. Alianguka hapo ulipoketi, sherehe ikiwa katikati. Hatukuwahi kumpigia makofi ya kufunga."

Kugimoto akaelewa. Hapa Hakata, makofi yakipigwa, shughuli imekwisha, hakuna wa kuifungua tena.

"Tupige basi, Mama! Unangoja nini, harusi?"

"Sikiliza kwanza. Ukishapiga, toka. Akikuuliza neno, usijibu. Hata akikusalimu."

"Nani ana hamu ya kupiga soga na maiti?"

Wakasimama. Wakapiga mawili. Mawili tena. Kisha matatu. Walikuwa wawili, lakini yalisikika makofi ya watu watatu, na ya yule wa tatu yalikuwa na mlio wa pete.

Harufu ikakatika. Mlango ukajifungua wenyewe, upepo wa mto ukapanda kutoka ngazini. Kugimoto akainua mguu kuvuka kizingiti, na hapo, nyuma ya sikio lake, sauti ya ulevi mwepesi ikauliza kama ilivyouliza kila Ijumaa baada ya makofi, kwa miaka sita:

"Kugimoto, sasa tunahamia wapi kunywa?"

Adabu ni ugonjwa. Mdomo ulijibu kabla kichwa hakijafika. Akageuka, akainama hadi kiunoni. "Samahani sana, Mkuu. Leo naelekea hospitali. Mke wangu anajifungua."

"Mpumbavu wewe!" Mama Chitose akapiga kelele.

Hospitalini alimkuta Natsuho amelala ubavu, amechoka, anacheka. Mtoto wa kike, ngumi ndogo zimekunjwa.

"Umechelewa, mlevi wewe," alisema. Kisha akakunja pua. "Umejipaka nini kichwani?"

Kugimoto alikuwa akiitazama glasi tupu kando ya kitanda cha mtoto.

Ting, ting.

"Nini hicho?" Natsuho akauliza kwa sauti ya chini, akimvuta mtoto kifuani.

Kugimoto akachukua jagi la maji kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akainama, akamimina.