Manifoldi Iliyovuta Pumzi

Mimi nilikuwepo. Sikuambiwa na jirani, sikusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Nilisimama pale pale mbele ya boneti, na mkono huu, huu hapa, ndio uliofanya kazi yenyewe. Wapo watu mtaani wanaisimulia habari hii kama yao, na mmoja siku ile alikuwa safarini kabisa. Waacheni. Nimechoka kubishana, lakini mwenye nayo ni mimi.

Ilianza siku ya kawaida. Jua limetoka, nguo zimeanikwa, kuku wanaparura. Nilikwenda kwa shemeji kuazima jeki, na jeki yenyewe sikuwa na shida nayo, nilifuata chai. Shemeji ni fundi magari, mume wa marehemu dada yangu. Gereji yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Nikamkuta kwenye kigoda kashika dude la aluminiamu lenye mabomba manne, kama chuchu za ng'ombe, analisugua kwa ndani na msasa aliouzungushia kijiti.

Nikamuuliza anakamua nini. Akanieleza bila kuinua macho kwamba ile ni manifoldi ya hewa. Injini inapumua kama sisi, hewa inapita humo, inagawanyika, kila silinda inapata yake. Sasa kiwandani huwa wanaziacha nyembamba na ndani zina mikwaruzo, hewa inaingia kwa kubanwa. Yeye anaipanua, anailainisha iwe kama sahani, ili gari lipumue lishibe.

Nikamwambia lile gari lake kuukuu hata alitie mapafu ya tembo halipandi kitu. Juzi tu tulipitwa na kuku, na kuku mwenyewe akageuka kututazama kwa huruma. Siku nyingine angenirushia tambara la grisi. Safari hii hakucheka.

"Siku ile kilimani lilikosa pumzi," akasema.

Nikachuchumaa kando yake. Na mimi kuacha utani, jueni hapo pana jambo.

Dada yangu alikuwa na ugonjwa wa kifua. Siku hiyo kilimbana mchana, tukamtia garini, mimi nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Hospitali iko ng'ambo ya kilima. Shemeji alikanyaga mafuta mpaka mwisho, gia namba moja, gari linalia tu, haliendi. Watembea kwa miguu walitupita, na hapo sijatia chumvi. Hatukufika juu. Alivuta pumzi moja ndefu. Kisha fupi. Kisha fupi. Kisha moja ikatoka, haikurudi. Mtu akifia mapajani mwako, mpangilio ule hauusahau. Unakuja hata ukiwa unakunywa maji.

Basi shemeji aliisugua manifoldi ile majuma na majuma. Anafumba macho, anaingiza kidole ndani, anapapasa, anatikisa kichwa, anaanza upya. Chakula alikuwa anakitazama tu mpaka kinapoa. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku kukaa naye, utani ukaniishia. Mimi, ambaye nimewahi kumchekesha mkusanya kura za maoni mpaka akasahau maswali. Nikawa nakaa tu na yeye anasugua. Krr. Krr. Krr.

Sasa sikilizeni hapa. Ukitoa manifoldi, kwenye injini yanabaki matundu manne wazi. Nati ikidondokea humo umekwisha. Kwa hiyo mafundi huyaziba kwa matambara. Shemeji matambara yake aliyachana kwenye gauni la dada, lile la kushindia nyumbani, la maua ya njano. Niliona. Siku ya kufunga manifoldi akayachomoa, mimi nikahesabu. Yalitoka matatu. Nikajiambia nimekosea, hesabu na mimi tuliachana darasa la nne kwa ugomvi mkubwa.

Tukaliwasha. Jamani, gari lilibadilika. Kile kilima lilikipanda kama limetukanwa, tukawapita wenye magari ya maana mpaka wakasimama pembeni kuangalia wamekosea wapi. Nilipiga mbinja. Shemeji alikuwa analia, anaendesha na analia, hana hata habari ya kufuta.

Tukarudi, akaliingiza bandani, akafungua boneti asikilize. Alikuwa hajarudisha chujio la hewa, mdomo wa manifoldi uko wazi, unaisikia inavyovuta. Hhhh. Hhhh. Sauti nzuri kabisa. Akazima swichi.

Injini ikavuta pumzi moja ndefu.

Kisha fupi.

Kisha fupi.

Kisha moja ikatoka.

Hatukutazamana. Akaliwasha tena, akazima tena. Ikawa vile vile. Ndefu, fupi, fupi, halafu ile nyingine. Nilishika ukuta wa banda. Mabati yalikuwa ya moto na sikutoa mkono.

Akaliwasha mara ya tatu. Akashuka, akafunga milango kwa kitasa, ufunguo ukabaki ndani kwenye swichi na gari linaunguruma. Wa akiba alishaupoteza zamani. Sijui alifanya makusudi, sikumuuliza. Alivuta kigoda akakaa mbele ya boneti.

Hakulizima tena. Petroli alikuwa anaimimina kutoka kwenye dumu huku linawaka, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwafokea wateja. Nilimbembeleza. Nikamwambia shemeji, hili ni gari, ni vyuma. Akanijibu taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea wodini, kwamba alishamuua mara moja kwa gari bovu, hawezi kumuua mara ya pili kwa gari zima.

Majirani walikuja kulalamika kwanza, kisha wakawa wanakuja kumwangalia tu. Mama wa nyumba ya pili alimletea uji, akasimama kidogo pale, akauliza nani mgonjwa humu anayehema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Aliacha bakuli, hakurudi kulichukua.

Shemeji aliisha. Shingo ikawa kama mpini wa jembe, macho mekundu, moshi umemganda usoni. Akisinzia anashtuka kusikiliza kama bado inavuta. Nikawa nampokea zamu. Hapo ndipo nilipojua uchovu, si huu mnaousema nyie mkitoka kazini. Ukikaa mbele ya mdomo ule, unajikuta unapumua nao. Ikivuta, unavuta. Ikichelewa, unachelewa. Mchana mmoja ikachelewa kidogo. Kifua changu kikasimama kikaingoja.

Siku ya mwisho nilimkuta ameegemea bampa, mdomo wazi, midomo ina rangi ya majivu. Nikadhani tayari. Nikamwinua, mwepesi kama gunia la pamba. Nikamwambia nalizima sasa hivi, hata kwa kuvunja kioo. Nikaokota nyundo. Akanishika mguu.

"Usilivunje. Ataogopa." Akapumzika kidogo. "Lizibe mdomo. Wewe. Mimi siwezi."

Mnaelewa? Injini ukiiziba mahali inapovutia hewa, inakufa. Kila fundi anajua. Fundi mwingine angechomoa waya za plagi, lakini mimi umeme naogopa, na yeye hakuwa na mkono wa kushika hata kijiko. Kwa hiyo ilibaki njia hiyo moja. Kiganja juu ya mdomo. Kumziba.

"Wewe ni damu yake," akaninong'oneza. "Kwako atakubali."

Niliweka nyundo chini. Nikapeleka mkono. Nikaurudisha. Nikaupeleka tena.

"Dada," nikasema. "Ni mimi."

Nikaziba.

Ilinivuta. Ngozi ya kiganja ikaingia ndani. Gari likatetemeka lote. Likapigana. Nilitaka kuachia. Shemeji alikuwa amenishika kifundo cha mguu, anabana, haachii. Pumzi ndefu. Fupi. Fupi. Halafu, katikati ya kiganja changu, kitu laini na cha moto kilifumba. Kama midomo inavyofumba.

Kimya.

Shemeji alilala pale pale juu ya saruji. Alilala kutwa, usiku kucha, na kutwa ya pili, nikawa namwekea kioo puani kuhakikisha. Alipoamka akaomba chai, ya moto, yenye sukari nyingi. Nikajua amerudi.

Tukaifungua manifoldi pamoja. Kwenye bomba la tatu tukatoa kipande cha gauni, maua ya njano, hakijaungua wala kuingia masizi. Shemeji akakikunja akakitia mfukoni. Akatafuta manifoldi nyingine ya kiwandani, nyembamba, akaifunga, na gari likarudi kupitwa na kuku. Ile aliyoichonga aliiweka juu ya rafu karibu na dirisha. Mpaka leo iko pale. Kioo kinachotazamana nayo kina duara la ukungu, dogo, kama mtoto anapopulizia dirisha la basi. Mchana wa jua kali lipo. Ukilifuta, unaondoka, ukigeuka limerudi. Nendeni mkaangalie, siwawekei dau.

Ila nimechoka, acha niseme na hili tukalale. Kile kitambaa cha gauni nimekitunga mimi.

Hakikuwepo. Shemeji alizibia matambara ya shuka kuukuu, manne yaliingia na manne yakatoka. Gauni la dada liko kabatini, zima, halijakosa hata kifungo. Siku ile tuliifungua manifoldi, tukamulika tochi bomba baada ya bomba. Palikuwa peupe, laini kama sahani, hakuna kitu. Tukakaa chini wote wawili. Kitambaa nakiwekaga kwa sababu msikilizaji akisikia kitambaa anapata pa kushika, anasema alaa, kumbe, halafu analala.

Sisi hatukupata pa kushika.