Mzuka Aliyeita Watoto kwa Majina

Kila asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni na kulala juu ya mashamba ya chai ya kilima kimoja karibu na Kaplong, hata njia ya kwenda shule ikawa haionekani. Watoto wa kilima kile walikuwa na desturi yao. Waliitana. Aliyesikia jina lake alijibu, "Niko," na asiyejibu alisubiriwa. Chepngeno wa darasa la sita ndiye aliyeongoza msafara. Mdogo wake Kiplimo, wa darasa la kwanza, ndiye aliyeitwa kuliko wote, maana alikuwa na mazoea ya kusimama kila hatua akitazama konokono.

Chepngeno aliupenda ukungu. Alipotembea ndani yake alijiona kama anayeelea, na sauti za wenzake zilimjia polepole kama za watu wa ndotoni. Hayo yalikuwa kabla ya ile filamu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka wa 1996. Bwana Muchiri, mwenye duka sokoni, alileta shuleni televisheni na video yake, akaziacha kwa juma zima. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, na wanafunzi wa madarasa ya juu wakaketi sakafuni. Ilikuwa filamu ya katuni kuhusu baba, mama na watoto wawili waliohamia nyumba kuukuu mlimani.

"Chepngeno, wewe ndiye hodari wa insha," Mwalimu Nyathira alisema. "Utaniandikia uzuri na udhaifu wa filamu hii. Ukiisifu, Ijumaa ijayo nitawaonyesha wadogo wa darasa la kwanza."

Chepngeno alivimba kichwa. Mwanzoni alitazama kwa raha. Ukungu wa katuni ulikuwa wa buluu na zambarau, na ulipita juu ya vilima taratibu mno, hata akasahau kwamba amekalia saruji baridi. Kisha mzuka mweupe akatokea ukunguni, akaita jina la mtoto mmoja. Chepngeno aliingiza kichwa ndani ya sweta. Hakukitoa mpaka aliposikia makofi.

Angesema ukweli, wenzake wangemcheka mpaka muhula uishe. Kwa hiyo aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Filamu hii haina udhaifu. Haitishi hata kidogo. Mwisho wake unapendeza sana." Mwalimu alimpongeza, akaibandika karatasi ubaoni. Kiplimo akaanza kuhesabu siku.

Alhamisi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito ajabu. Kiplimo alibaki nyuma, kama kawaida yake. Punde sauti yake nyembamba ikasikika kutoka kati ya chai.

"Chepngeno."

Alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Weupe ule mbele yake ulikuwa uleule wa mzuka wa katuni, na jina lililoitwa lilikuwa lake. Sauti ikaita tena, na mara ya tatu, kisha ikanyamaza. Halafu akasikia kilio.

Chepngeno alitupa mkoba, akakimbia. Alimkuta Kiplimo ndani ya mtaro wa maji, matope hadi kiunoni, kiatu kimoja hakipo.

"Nilikuita, nikakuita," mtoto alisema huku akilia. "Mbona hukujibu?"

Chepngeno alimtoa, akampangusa kwa sweta lake. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Aliwaza watoto wote wa darasa la kwanza, wadogo kama huyu, wakiitwa ukunguni asubuhi baada ya filamu ile na kuogopa kujibu. Na filamu ilikuwa kesho.

Alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, ile filamu sikuiona yote."

"Uliona mpaka wapi?"

"Mpaka mzuka alipoita jina la kwanza. Baadaye nilikuwa ndani ya sweta."

"Sasa yale uliyoandika juu ya mwisho, uliyatoa wapi?"

"Nilisikia watu wakipiga makofi."

Mwalimu Nyathira aliuma mdomo. Huenda alikuwa akizuia kicheko. Lakini alipozungumza uso wake haukuwa na mzaha. "Nenda uitoe ile karatasi ubaoni, wenzako wakiona. Jioni urudi hapa, tuitazame filamu madirisha yakiwa wazi."

Wenzake walimcheka, Dorine aliyekaa naye dawati moja kuliko wote, na Chepngeno hakufa kwa aibu. Jioni alitazama, macho wazi. Kumbe mzuka yule alikuwa mama aliyepotelewa na wanawe ukunguni zamani sana. Miaka yote aliwaita, na hakuna aliyewahi kumjibu. Mwishoni mtoto mdogo wa ile familia alimwitikia, naye akatabasamu na kuyeyuka polepole kama umande. Chepngeno alilia tena, safari hii bila hofu.

Ijumaa Mwalimu alilisomea darasa insha mpya aliyoiandika Chepngeno: "Picha zake ni nzuri kama ndoto, na mwisho wake unagusa moyo. Lakini mwisho huo unachelewa. Mtoto aliyefumba macho hataufikia, atabaki na hofu. Sisi tunaitana ukunguni kila siku. Wadogo wetu wasionyeshwe mpaka wakue kidogo."

"Hii ndiyo ya kweli," Mwalimu alisema. "Mtu akikuuliza umeona nini, anataka kutumia macho yako. Ukimdanganya, ni mwingine atakayeanguka mtaroni. Kuogopa si kosa, jamani. Kosa ni kuficha."

Darasa la kwanza walipewa mpira badala ya filamu. Kiplimo alinuna, na jioni, ukungu uliposhuka, alibaki nyuma makusudi.

"Chepngeno."

Ukungu ulikuwa mweupe vilevile. Chepngeno alisimama, akamkumbuka yule mama aliyeita miaka mingi bila kujibiwa.

"Niko," alisema.

Kiplimo akaita tena, na tena, kwa kumjaribu tu. Chepngeno alimjibu kila mara mpaka walipofika nyumbani.