Ukuta wa Udongo Ulioshindiliwa

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu mkaguzi wa majengo, na sitii chumvi.

Mwenzake wa chuoni alikuwa ameshinda tuzo kwa nyumba ya udongo ulioshindiliwa. Haina saruji wala feni. Mnara wake unanasa upepo na kuushusha vyumbani. Sifa zilipozagaa, rafiki yangu alikonda kwa wivu.

"Wazo lile lilinijia mimi kwanza," aliniambia, akinitikisia ule mkono ambao msumeno wa karakana ya chuo ulimnyofoa kidole cha mwisho.

Ofisi ilipomtuma kuikagua nyumba hiyo, ambayo hakuwa ameikanyaga hata siku moja, alikwenda akiomba Mungu akute ufa.

"Karibu, kaka," mama mwenye nyumba alimpokea. "Hutaona hata mkwaruzo."

Maneno yale yalimchoma. Akashuka peke yake hadi chini ya mnara, kwenye chumba kisicho na dirisha, giza totoro mchana kweupe. Akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kama wakaguzi wanavyotafuta penye uwazi. Ko, ko, ko.

Ukuta ukajibu kutoka ndani. Du. Du. Du. Kama mtu anayeshindilia udongo, wala hana haraka.

Akawasha tochi ya simu. Usawa wa kifua chake, ukuta ulikuwa umevimba umbo la kiganja, kilichosukumwa kutoka ndani kuja nje. Akahesabu vidole mara mbili.

Kidole cha mwisho hakikuwepo.